Milioni 108 za dola ziliishia wapi? Hesabu ya Antoine Walker

Klipu moja ya Antoine Walker, nyota wa zamani wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikirudi kwenye simu za watu, ubishi huanza upya. Iwe ni steji ya boda boda pale Kondele, kinyozi wa Section 58 Nakuru au kibanda cha chai Mumias, swali ni lile lile: mtu aliyelipwa zaidi ya dola milioni 108 anafilisikaje? Majibu ni matatu na hutolewa bila kusitasita. Alizila na magari. Alizimaliza kwenye kamari. Hakuwa na shule. Kisha mmoja hudakia kwamba wachezaji wa NBA wote huishia hivyo hivyo, na watu wanarudi kwenye chai yao.

Siku hizi ubishi huo una moto zaidi kwa sababu mpira wa kikapu umesogea karibu na nyumbani. Madina Okot, binti wa Mumias, ametoka Chuo Kikuu cha Zetech akafika vyuo vikuu vya Marekani, kwanza Mississippi State, kisha South Carolina, na kuna wazazi magharibi mwa Kenya ambao sasa wanaupima urefu wa watoto wao kwa jicho jingine. Kwa hiyo hesabu ya Walker inafaa kufanywa polepole, mstari kwa mstari. Ukiifanya hivyo unagundua kwamba sehemu kubwa ya shimo lililomwangusha ilichimbwa na kitu ambacho mwanachama yeyote wa sacco Kisumu anakijua vizuri: saini ya mdhamini.

Kufilisika ni nini hasa

Mtaani, mtu amefilisika akionekana anapanda matatu baada ya kuuza Prado. Mahakamani neno hilo lina maana finyu zaidi. Mufilisi ni mtu ambaye mahakama imekubali kwamba madeni yake yamemshinda, na mali yake ikawekwa mikononi mwa msimamizi ili wanaomdai wagawiwe kwa utaratibu. Mtu huyo anaweza kuwa na nyumba tatu na bado akawa mufilisi, ilimradi anachodaiwa kimezidi alicho nacho na hana njia ya kulipa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Walker. Alipowasilisha karatasi zake mahakamani Florida, Mei 2010, aliorodhesha mali ya dola milioni 4.3, ambayo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya nusu bilioni. Hakuwa akikosa unga. Shida ilikuwa upande wa pili wa karatasi, ambako madeni yalisimama dola milioni 12.7. Toa moja kwenye nyingine, unabaki na shimo la dola milioni 8.4. Nyumba yake ya Miami ilionyesha hali nzima kwa ufupi: ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 2.3, na mkopo uliokuwa juu yake ulikuwa dola milioni 3.6. Ukiiuza leo asubuhi, jioni bado unadaiwa.

Tofautisha basi vitu vitatu ambavyo kijiweni huchanganywa. Mapato ni kinachoingia. Mali ni ulicho nacho. Utajiri ni mali ukishatoa deni. Ile milioni 108 ni mapato ya miaka yote ikijumlishwa. Hakuna siku hata moja ambayo Walker aliamka akakuta milioni 108 kwenye akaunti.

Alikuwa nani uwanjani

Kwa waliozaliwa juzi: Walker alizaliwa Chicago mwaka 1976, mtoto wa kwanza kati ya sita, akalelewa na mama yake. Alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu akiwa na Kentucky mwaka 1996, akaondoka baada ya miaka miwili tu chuoni. Mwaka huo huo, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Boston Celtics ikamchagua wa sita, kwenye orodha ambayo Allen Iverson alikuwa wa kwanza na Kobe Bryant wa kumi na tatu. Aliitwa kwenye mchezo wa nyota mara tatu. Alikuwa mrefu wa kucheza karibu na kikapu lakini alipenda kutupia kutoka mbali. Msimu wa 2000-01 alifunga mitupo 221 ya alama tatu, wingi ambao hakuna aliyeufikia msimu huo. Alipoulizwa kwa nini hutupa za alama tatu nyingi hivyo, alijibu kwamba ni kwa sababu hakuna za alama nne. Akifunga alikuwa na mtindo wake wa kutikisa mabega ambao watoto wa Boston waliuiga mitaani.

Mwaka 1999 alitia saini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 71. Baadaye alipitia Dallas, Atlanta, Boston tena, kisha Miami, ambako alipata pete ya ubingwa ya 2006 pamoja na Dwyane Wade na Shaquille O'Neal. Mwaka 2008 NBA ilikuwa imemalizana naye. Alikuwa na umri wa miaka 32. Alijaribu Puerto Rico, akajaribu ligi ndogo huko Idaho, lakini pesa za huko ni za nauli ukilinganisha na alizozoea.

Mshahara na stakabadhi ya miwa

Anayetaka kuelewa mshahara wa NBA amwombe mkulima wa miwa wa Kakamega au Bungoma amwonyeshe karatasi ya malipo ya kiwanda. Juu kabisa kuna tani alizopeleka zikizidishwa kwa bei, na hapo moyo hufurahi. Chini yake inaanza safari: kulimiwa kwa trekta, mbegu, mbolea, kukatiwa, kupakiwa, usafiri, na riba juu ya baadhi ya hivyo. Mkulima huyo amengoja miezi 18 au zaidi, na kinachomfikia ni mstari wa mwisho. Wapo waliofika kwenye mstari huo wakakuta hasi, yaani wao ndio wanaodaiwa na kiwanda. Jirani aliyeona trela tano zikitoka shambani hana habari ya mstari wa mwisho. Yeye anasema fulani ana pesa.

Sasa mchukue mchezaji wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwenye mshahara wa dola milioni 10 kwa msimu. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kodi ya serikali kuu ya Marekani kwa mapato ya kiwango hicho ilikuwa kati ya asilimia 35 na karibu 40, kutegemea mwaka. Weka 38: milioni 3.8 zimeondoka. Kodi ya jimbo, weka asilimia 5: laki tano za dola. Wakala aliruhusiwa hadi asilimia 4 ya mkataba: laki nne. Ongeza mchango wa bima ya afya ya wazee, ambao hukatwa kwa mshahara wote bila kikomo. Mchezaji anabaki na milioni 5 na kidogo, hata kabla hajanunua soksi. Juu ya hayo, tangu msimu wa 2001-02, ligi huzuia sehemu ya mshahara wa kila mchezaji, iliyokaa kwenye asilimia 10 kwa miaka mingi, hadi hesabu za mapato ya ligi zifungwe. Hiyo huweza kurudishwa yote, nusu, au isirudi.

Kodi ya majimbo ina kituko chake. Mchezaji halipi kwao tu. Hulipa pia katika majimbo mengi anayochezea ugenini, kwa siku alizofanya kazi huko. Ni kama mama wa samaki anayelipa ushuru wa soko Kibuye leo, Luanda kesho, Ahero keshokutwa, tofauti ikiwa tu kwamba mchezaji anapaswa kujaza fomu ya kodi kwa karibu kila soko alilokanyaga. Ndiyo maana mchezaji mmoja anahitaji mhasibu wa kudumu, na mhasibu naye halipwi kwa asante.

Kwa hiyo ile milioni 108, ambayo kwa shilingi ni kama bilioni 14, inyoe katikati. Karibu nusu haikuwahi kuwa ya Walker. Bado ni pesa nyingi mno, hilo halina ubishi, lakini ni hesabu nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo miwa hulieleza vizuri kuliko kitabu chochote cha fedha. Shamba ukishalivuna hutoa machipukizi, ratuni kama wakulima wanavyoiita, na unavuna tena bila kupanda upya. Goti la mchezaji halina ratuni. Mwalimu wa Nakuru anapata mshahara mdogo kwa miaka 35 na kila mwaka unapanda kidogo. Walker alipata mshahara mkubwa kuanzia akiwa na miaka 20 hadi 32, kisha ukakatika ghafla, huku matumizi aliyoyajenga akiwa juu yakibaki pale pale.

Zawadi na mshahara wa zawadi

Walker hajawahi kuficha kwamba alitumia. Alikuwa na magari mengi ya bei mbaya, alisafiri na kundi la marafiki, na mama yake alijengewa jumba lenye bwawa la kuogelea ndani. Kijana wa kwanza kupata kazi katika ukoo wowote wa magharibi anaielewa presha hiyo bila kufasiriwa. Karo ya mpwa, mazishi, bati la jikoni la shangazi, harambee ya binamu anayekwenda ng'ambo. Simu huanza kuita tarehe 28.

Ila kuna kosa la hesabu ambalo watu hulifanya hapa, nalo ni kuhesabu bei ya kitu wakasahau mshahara wa kitu. Kumpa mjomba ng'ombe ni gharama ya siku moja. Kuchukua karo ya watoto wake ni gharama ya miaka kumi na mbili. Nyumba kubwa Marekani iko kwenye kundi la pili. Maeneo ya Chicago kodi ambayo serikali humtoza mwenye nyumba huzunguka asilimia 2 ya thamani kwa mwaka, kwa hiyo nyumba ya dola milioni 2 hudai kama dola 40,000 kila mwaka hata kama hakuna anayelala humo. Ongeza bima, kupasha joto wakati wa baridi, kusafisha bwawa. Nyumba hiyo ni mfanyakazi asiyefanya kazi lakini anayelipwa. Ukiwa na kadhaa, na mshahara ukakatika, unakuwa umeajiri kijiji.

Hata hivyo, anasa peke yake haielezi lile shimo la milioni 8.4. Gari lililokwisha kulipiwa haliachi deni. Likiuzwa kwa hasara unabaki na pesa kidogo, na bado ziko juu ya sifuri. Ili ushuke chini ya sifuri kwa mamilioni, lazima mtu awe amekukopesha, au uwe umesimama nyuma ya mtu aliyekopeshwa.

Saini

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Walker, kama wengi wenye pesa wakati ule, aliambiwa kwamba majengo hayadanganyi. Kampuni yake, Walker Ventures, ilinunua majengo ya kupangisha Chicago, mengi yakiwa ya wapangaji wa kipato cha chini upande wa kusini mwa mji. Majengo yalinunuliwa kwa mikopo ya benki. Na kwa sababu kampuni ni mtu wa karatasi anayeweza kufa bila mazishi, benki zilidai Walker mwenyewe adhamini mikopo hiyo. Akatia saini.

Nani asiyeijua fomu hiyo? Pale sacco, mwenzako anataka kukopa mara tatu ya akiba yake, na karani anampa karatasi yenye mistari ya wadhamini. Kila mstari una jina, nambari ya uanachama, nambari ya kitambulisho, kiasi unachodhamini, saini, tarehe. Anakujia saa ya chai, karatasi imeshajazwa majina mawili ya watu unaowaheshimu, na kalamu iko mkononi. Unaona haya kukataa. Miaka miwili baadaye amehamishwa au ameacha kazi, na wewe unapata ujumbe kwamba akiba yako imeshikwa. Hukukopa, hukuila hata shilingi, lakini kisheria ahadi yako ina uzito sawa na ya aliyekopa.

Mambo mawili hufanya dhamana ya benki kuwa kali kuliko ya sacco. Sacco huandika kiasi mbele ya jina lako; dhamana nyingi za biashara hazina kikomo, zinafunika mkopo wote, riba, faini za kuchelewa na hata ada ya wakili wa benki. La pili ni kwamba wadhamini wakiwa kadhaa, benki hailazimiki kuwagawia deni sawasawa. Inaweza kumfuata mmoja kwa lote, na ikiwa na akili itamfuata yule mwenye jina kwenye magazeti.

Tuone jinsi jengo moja linavyogeuka deni. Limenunuliwa kwa dola milioni 1, benki ikatoa laki nane. Kodi za wapangaji zilipaswa kulipa mkopo kila mwezi. Kisha mabomba yanapasuka, wapangaji wanaacha kulipa, wakaguzi wa jiji wanaandika makosa ya jengo na kila kosa lina faini. Mkopo wenyewe, kama ilivyo kawaida kwa mikopo ya majengo ya biashara kule, ni wa miaka michache tu. Unalipa kidogo kidogo halafu salio lote linadaiwa kwa mkupuo, na kila mtu huchukulia kwamba benki itaandika mkopo mpya. Mwaka 2008 soko la nyumba Marekani likaporomoka na benki zikafunga mikono. Jengo la milioni likauzwa kwa mnada laki tano. Laki tatu zilizobaki haziendi mbinguni. Zinamfuata mdhamini. Majengo kumi ya namna hiyo ni dola milioni 3, na mdhamini hana hata tofali moja la kuonyesha.

Angalia tarehe sasa. Soko liliporomoka 2008. Timu yake ya mwisho ya NBA ilimwacha 2008. Angekuwa bado anapokea milioni 8 au 9 kwa msimu, benki zingemvumilia, kwa sababu mdai huvumilia mtu mwenye payslip. Kuta zote mbili zilianguka mwaka mmoja. Walker mwenyewe, kila anapohojiwa, huyataja majengo kuwa ndiyo yaliyommaliza, na orodha ya wadai wake iliyojaa benki haimpingi.

Na kamari je?

Kamari ilikuwepo, na ilimtia matatani kuliko kitu kingine chochote, lakini kwa njia ambayo wengi hawaielewi. Kijana wa Kisumu akiliwa mkeka, pesa zimetoka kwenye simu na kisa kimekwisha. Kasino za Las Vegas humkopesha mchezaji anayeaminika. Anatia saini hati, anapewa vibao vya kuchezea, na hati hiyo katika sheria ya jimbo la Nevada huhesabiwa kama hundi. Asipolipa, kasino huipeleka benki. Ikirudi bila pesa, anakuwa ametoa hundi hewa, na hilo ni kosa la jinai. Hata hapa Kenya kutoa hundi ukijua akaunti ni tupu kunaweza kukufikisha mbele ya hakimu.

Walker alishtakiwa kwa hati za takriban dola milioni moja. Alikamatwa Julai 2009 katika kasino ya Lake Tahoe, akakiri kosa mwaka 2011, akapewa kifungo cha nje na kuamriwa kulipa. Ukiweka hiyo milioni moja kando ya madeni ya milioni 12.7, kamari haifiki hata sehemu moja kwa kumi ya deni. Kwa haki ni lazima kuongeza kwamba orodha ya madeni haionyeshi pesa taslimu alizopoteza miaka ya nyuma. Hizo ziliondoka kimya kimya. Ila anayesema kamari ndiyo iliyomfilisisha anapaswa kueleza zile milioni nyingine kumi na moja zilitoka wapi.

Na kwa nini aliendelea kulipa kasino hata baada ya kufilisika? Njia aliyotumia, ile ya sura ya 7 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, humruhusu msimamizi kuuza mali isiyolindwa, kugawa kinachopatikana, kisha salio la madeni mengi hufutwa. Si yote. Matunzo ya watoto hubaki, kodi nyingi hubaki, na malipo yaliyoamriwa na mahakama ya jinai hubaki. Wanaodhani kufilisika ni kusafishwa kama kwa sabuni wasome hapo mara mbili.

Ile asilimia 60

Takwimu inayotajwa sana, kwamba asilimia 60 ya wachezaji wa NBA hukauka ndani ya miaka mitano baada ya kustaafu, ilienea kutoka makala ya jarida la Sports Illustrated ya mwaka 2009. Shida yake ni kwamba haikutokana na mtu aliyekaa na faili za mahakama akahesabu. Waliohesabu walikuwa wachumi walioangalia wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, wakachapisha mwaka 2015: karibu asilimia 16 walikuwa wamewasilisha ufilisi ndani ya miaka 12 ya kustaafu. Ni wengi, hasa kwa watu waliolipwa vile. Lakini ni mmoja kati ya sita, na ni mchezo mwingine. Jambo la kushangaza katika utafiti ule ni kwamba kucheza miaka mingi zaidi au kulipwa zaidi hakukuwakinga sana.

Kuhusu shule, Vin Baker, mchezaji mwingine wa zamani wa NBA, alicheza miaka minne chuoni Hartford na akapoteza utajiri unaokaribia wa Walker, pombe ikiwa mbele ya orodha. Alifanya kazi kwenye mkahawa wa Starbucks, akajinyanyua, na mwaka 2021 alikuwa miongoni mwa makocha wasaidizi wa Milwaukee Bucks walipotwaa ubingwa. Upande wa pili yuko Junior Bridgeman, aliyeaga dunia Machi 2025. Alicheza 1975 hadi 1987, mshahara wake wa juu kabisa ukiwa kama dola 350,000 kwa mwaka, pesa ambazo Walker angezipata katika mechi chache. Alinunua migahawa ya Wendy's, na kabla ya kununua mingi aliingia jikoni akajifunza kukaanga na kuhudumia wateja. Jarida la Forbes lilimkadiria kuwa bilionea. Ukiwaweka pamoja, Bridgeman na Walker wote waliwekeza. Mmoja alikuwa nyuma ya kaunta, mwingine alikuwa mbali akicheza huku majengo yako Chicago mikononi mwa watu wengine. Mtu yeyote aliyewahi kujengewa nyumba Kakamega akiwa Doha anajua tofauti hiyo inagharimu mifuko mingapi ya saruji.

Iverson, yule wa kwanza kwenye orodha ya 1996, naye alipitia misukosuko ya pesa, ila imeripotiwa sana kwamba kampuni ya viatu ya Reebok ilimwekea dola milioni 32 kwenye mfuko wa amana asioweza kuugusa hadi atimize miaka 55. Hakuna rafiki anayeweza kukopa kutoka mfuko ambao mwenyewe hawezi kuufungua.

Ingekuwa Kenya

Sheria yetu ya Ufilisi ni ya mwaka 2015. Anayekudai shilingi 250,000 au zaidi anaweza kuomba mahakama ikutangaze mufilisi. Kabla ya kufika huko kuna milango mingine: kufanya mapatano rasmi na wadai wako, kulipa kwa awamu zilizoamriwa, au, kwa asiye na mali yoyote na mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, utaratibu maalumu wa wasio na mali. Aliyetangazwa mufilisi kwa kawaida huachiliwa miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, wadai wasipopinga.

Lakini kuna kipengele ambacho wadhamini hukijua wakiwa wamechelewa. Mkopaji akitangazwa mufilisi na madeni yake yakafutwa, mdhamini wake hafutiwi. Ndiyo maana ya dhamana: iliwekwa kwa ajili ya siku hiyo hasa.

Kwa hiyo kijana anayekwenda kucheza kwa malipo, iwe Kigali au Copenhagen, na hata asiyejua kudunda mpira, akiletewa fomu ya dhamana atafute vitu vinne kabla ya kushika kalamu. Kwanza, kiasi, kama hakuna tarakimu mbele ya jina lake, dhamana haina kikomo, na anaweza kudai iandikwe. Pili, muda, yaani dhamana inakwisha lini. Tatu, ahadi ya kwamba benki itaanza na mali ya mkopaji kabla ya kumgusa yeye. Wakopeshaji wengi huandika kinyume chake, kwa maandishi madogo. Nne ni maneno "dhamana ya kuendelea". Maana yake ni kwamba umedhamini mkopo huu na ile ambayo bado haijaombwa. Unaweza kuisimamisha kwa kumwandikia mkopeshaji, ingawa barua hiyo itazuia mikopo mipya tu. Ya zamani bado ni yako. Iandike ukitaja nambari ya akaunti ya mkopaji na tarehe uliyotia saini, ipeleke kwa mkono, na usitoke pale kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri.

Walker aliwahi kufanya kazi na benki ya Morgan Stanley akiwafundisha wachezaji chipukizi mambo ya pesa. Pete yake ya 2006 iliuzwa wakati wa ufilisi.